Namna ya Kuwa Mwalimu wa Bendi ya Shule na Kudumu Katika Kazi Hiyo

Kila mwaka wa masomo unapokwisha, bendi ya shule huvunjika. Wapigaji hodari kuliko wote, ambao wamechukua miaka mitatu, minne au zaidi kufikia kiwango hicho, humaliza masomo na kuondoka, na mwaka mpya unapoanza mwalimu hukabidhiwa watoto ambao hawajawahi kushika tarumbeta. Kiongozi wa bendi ya jeshi, au ya watu wanaolipwa, hapambani na hali hii kwa kiasi hicho. Kwa mwalimu wa shule ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo sababu mwongozo huu utamrudia mara kwa mara mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwalimu anayewaachia wengine wanaoanza ili yeye abaki na wakubwa atakuwa na bendi nzuri kwa mwaka mmoja au miwili, kisha itaporomoka mikononi mwake.

Kujiandaa kabla ya kupewa bendi

Wengi huingia katika kazi hii kupitia chuo, ambako husomea muziki pamoja na ualimu. Wengine hutokea katika bendi za jeshi au za ibada, kisha wakajifunza ualimu wakiwa kazini. Njia yoyote utakayopitia, ni lazima uwe na ala moja unayoimudu kwa kina, kwa sababu ni kwa kupitia ala hiyo utakayojua maana ya kufanya mazoezi peke yako kwa miezi mingi bila kuona maendeleo. Hata hivyo, ala moja haitoshi. Mwalimu wa bendi anapaswa kuweza kupiga kila ala iliyomo katika bendi yake angalau kwa kiwango cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: skeli moja (ngazi ya nota zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), wimbo mmoja mfupi, na sauti iliyo safi. Tenga wiki kadhaa kwa kila ala, na andika kila kilichokusumbua. Pale kidole chako kiliposhindwa kuziba tundu la klarineti ndipo kitakaposhindwa kidole cha mtoto.

Jifunze pia kuimba mbele ya watu bila haya. Nota ambayo mwalimu ameiimba kwa sekunde mbili hufika haraka kuliko maelezo ya dakika tano, na mwanafunzi anayeweza kuimba sehemu yake kwa do, re, mi huwa amekwisha kuijua nusu yake kabla hajapuliza. Kuhusu mikono, anza na michoro ya msingi hadi ifanyike bila kufikiri: katika mapigo manne mkono wa kulia hushuka, huenda kushoto, huenda kulia, kisha hupanda, katika mapigo matatu hushuka, huenda kulia, hupanda. Mkono wa kushoto usiige wa kulia, kwani kazi yake ni kumwita mpigaji anayeingia, kupunguza sauti ya kundi moja na kuendeleza nota ndefu. Fanya mazoezi haya mbele ya kioo, na kasi uipime kwa metronomu.

Ukipata nafasi ya kumtembelea mwalimu mzoefu, usiombe kwenda siku ya onyesho. Omba kukaa nyuma ya chumba katika wiki ya pili ya mwaka, wakati anafundisha watoto namna ya kufungua sanduku la ala bila kuangusha kitu. Hapo utaona ufundi ambao hauonekani jukwaani.

Wiki za kwanza katika shule mpya

Kabla ya kupiga nota yoyote, hesabu mali. Andika kila ala, namba iliyochongwa juu yake, hali yake, na mtu aliyenayo. Jaribu kila valvu, kila kibonyezo na kila mrija wa tromboni. Ala inayovuja hewa humfanya mtoto ajione hana kipaji, kumbe tatizo ni kipande cha ngozi au mpira kilichochakaa chini ya kibonyezo, na wanafunzi wengi wameacha bendi kwa sababu hiyo bila mtu kugundua. Kila ala inayopelekwa nyumbani itolewe kwa karatasi iliyosainiwa na mzazi au mlezi.

Matunzo ya ala yafundishwe kama somo. Valvu za tarumbeta zinahitaji mafuta yake maalumu, mrija wa tromboni unahitaji kilainishi chake, na ala za shaba zioshwe kwa maji ya uvuguvugu, kwani maji ya moto huharibu rangi ya juu. Klarineti ya mbao huweza kupasuka ikitolewa ghafla kwenye baridi na kupulizwa kwa nguvu. Ipashwe moto taratibu mikononi kwanza, na ikaushwe ndani kwa kitambaa kila inapomaliza kutumika. Kipande cha mdomoni kikinasa katika tarumbeta, mtoto asikivute kwa koleo. Kipo kifaa rahisi cha kukitoa, na kila chumba cha bendi kinapaswa kuwa nacho.

Ikiwa mwalimu aliyekutangulia alipendwa, utasikia jina lake kila siku katika mwaka wa kwanza. Usishindane naye wala usibadilishe kila kitu kwa mkupuo. Waache wakubwa wapige angalau wimbo mmoja waliouzoea, na nguvu yako kubwa iweke kwa wale ambao hawakumjua.

Kumchagulia mtoto ala

Hili ni jambo ambalo naamini linapewa muda mdogo kuliko linavyostahili. Mtoto akipewa ala isiyomfaa, mwaka mzima hupotea, naye huondoka akiamini kwamba hana kipaji cha muziki. Kwa hiyo usigawe ala darasani kwa kuuliza nani anataka nini. Kutana na kila mtoto kwa dakika kumi. Tazama meno ya mbele, kwa kuwa ala za kupuliza zinahitaji meno ya kudumu yawe yameota. Mtoto mwenye vyuma vya kunyooshea meno anaweza kupiga tarumbeta, lakini ataumia midomo na anahitaji kuambiwa mapema. Tazama urefu wa mkono kabla ya kumpa tromboni, ambayo mrija wake una nafasi saba na ya saba iko mbali. Tazama upana wa ncha za vidole kabla ya kumpa klarineti. Kisha mwombe aimbe nota unayompigia, kwa sababu honi ya Kifaransa na tromboni zinamtaka mtoto anayesikia nota kichwani kabla ya kuitoa. Katika honi, nota za juu zimekaribiana mno kiasi kwamba midomo ikikosea kidogo tu hutoka nota ya jirani, na katika tromboni hakuna kibonyezo kitakachomwonyesha mahali pa kusimama.

Mpe ajaribu ala tatu, akianza na kipande cha mdomoni pekee. Kwa tarumbeta anapaswa kutetemesha midomo. Kwa fluti anapuliza hewa ivuke ukingo wa tundu, na mara nyingi atapata kizunguzungu, hivyo akae chini. Kwa klarineti na saksafoni anatetemesha ridi, ule ulimi mwembamba wa tete. Sauti inayotoka kwa urahisi katika dakika hizo ni ushahidi wa kuaminika kuliko maneno ya mtoto au ya mzazi. Saksafoni, ambayo Adolphe Sax alipewa hataza yake nchini Ufaransa mwaka 1846, hutoa sauti mapema na kila mtoto huitaka. Ukiwaruhusu wote utakuwa na saksafoni kumi na tano na tuba sifuri. Sauti ya bendi hukaa kama piramidi ambayo kitako chake ni ala nzito za chini, na kitako hicho hakijengwi kwa kuwasihi watoto wiki moja kabla ya onyesho. Mweleze mtoto aliyefaa tuba, kwa dhati, kwamba bendi nzima hulinganisha sauti yake na yake yeye, maana huo ni ukweli.

Na usiwape ngoma wale tu walioshindwa kupuliza. Mpigaji wa ngoma asiyeshika kasi huiburuta bendi yote, na yeye pia anahitaji kusoma nota.

Mazoezi ya kila siku

Jambo la kwanza linalomchanganya mwalimu mpya ni kwamba ala nyingi husoma nota moja na kutoa nyingine. Klarineti ya kawaida na tarumbeta ya kawaida ni za B-flati (B iliyoshushwa nusu toni), yaani mpigaji akisoma C kinachosikika ni B-flati. Saksafoni ya alto ni ya E-flati. Honi ni ya F. Lakini fluti, pamoja na tromboni inayosoma ufunguo wa besi (alama ya nota za chini), hutoa kile kilichoandikwa. Kwa hiyo ukitaka bendi nzima itoe B-flati, fluti na tromboni zitasoma B-flati, klarineti na tarumbeta zitasoma C, saksafoni ya alto itasoma G, na honi itasoma F. Likariri jedwali hili hadi uweze kulijibu ukiamshwa usingizini. Skeli ya B-flati ndiyo wanayoanza nayo watoto wengi wa bendi, kwa kuwa nota hiyo tarumbeta huitoa bila kubonyeza valvu na tromboni huitoa mrija ukiwa umefungwa.

Katika saa moja ya mazoezi, dakika kumi za mwanzo zisiguswe na kitu kingine zaidi ya pumzi na sauti. Wasimame, wavute hewa kwa mapigo manne bila kuinua mabega, na waitoe kwa mapigo manane kwa mkondo usiokatika. Kisha wapige nota ndefu, kwa sauti ya chini, huku kila mmoja akimsikiliza aliye kando yake. Wanafunzi wakubwa watalalamika kwamba zoezi hilo ni la watoto. Wafanye pamoja na watoto hao, katika chumba kimoja angalau mara moja kwa wiki, na uwaketishe mkubwa na mdogo kwenye stendi moja ya nota. Mtoto wa mwaka wa kwanza hujifunza umbo la sauti kwa kukaa sentimita chache kutoka kwa mtu anayeitoa vizuri, na mkubwa anayejua kwamba anasikilizwa hurekebisha mkao wake bila kuambiwa.

Kutyuni, yaani kulinganisha sauti za ala, kuje baada ya kupasha ala moto, si kabla. Kiwango cha kimataifa, ISO 16 cha mwaka 1975, kinaiweka nota A katika mitetemo 440 kwa sekunde, lakini ala ya kupuliza hupanda kadiri hewa iliyomo ndani yake inavyopata joto, takribani sehemu tatu katika mia za nusu toni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Tarumbeta iliyolinganishwa ikiwa baridi itakuwa juu baada ya robo saa. Chagua nota kutoka kwa ala ya chini, tuba ikiwezekana, na makundi mengine yaingie juu yake moja baada ya jingine. Kipimasauti cha umeme kitumike kuthibitisha tu, kwani mtoto anayetazama mshale wa kifaa hicho huacha kusikiliza. Mfundishe kusikia yale mawimbi yanayotokea nota mbili zinapokaribiana bila kukutana. Avute mrija nje au ausukume ndani hadi mawimbi yapungue na kutulia.

Baada ya hapo fanya kazi na kipande kidogo. Usianze wimbo mwanzo na kuusukuma hadi mwisho huku makosa yakirudiwa, kwa kuwa kila kosa linalorudiwa hujifunzwa kama lilivyo. Chagua baa nane (vipande vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima) zilizo ngumu, zipunguzie kasi hadi kila mtu aweze kuzipiga sawasawa, kisha pandisha metronomu kwa mapigo manne kila mara. Unaposahihisha, sema jambo moja tu kwa kundi moja, na makundi mengine uyape kazi wakati huo: wapige vidole bila kupuliza, au waimbe sehemu zao. Chumba ambamo tarumbeta zinasahihishwa kwa dakika kumi huku fluti zikikaa kimya huzaa kelele, na kosa hilo ni la mwalimu. Dakika tano za mwisho wapige kitu wanachokimudu, ili watoke wakiwa wameisikia bendi yao ikiwa nzima.

Kuchagua muziki na kuupeleka jukwaani

Katika mwaka wangu wa kwanza nilichagua wimbo mkubwa ambao mimi mwenyewe niliupenda tangu nikiwa mwanafunzi. Wiki tatu kabla ya onyesho nililazimika kuuondoa, kwa sababu bendi nzima ilikuwa imegeuka watu wawili wanaopiga na thelathini wanaoigiza kwamba wanapiga. Tangu hapo nina kipimo kimoja: katika mazoezi ya pili, mwanafunzi dhaifu kuliko wote anapaswa kuwa na uwezo wa kupiga angalau nusu ya sehemu yake. Asipoweza, wimbo huo haujafika wakati wake, hata kama waliotangulia wanaumudu. Pale sehemu moja inapokwamisha, mwalimu mwenye ruhusa ya kufanya hivyo anaweza kuiandika upya iwe rahisi zaidi. Kazi hiyo ya usiku ni halali kabisa na inafundisha mno.

Ruhusa si jambo dogo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ndio msingi wa haki za watunzi katika nchi nyingi, na hulinda kazi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kununua nakala moja na kuipiga fotokopi kwa wanafunzi arobaini ni kuvunja haki hiyo hata kama shule ni maskini. Tafuta kazi ambazo muda wake wa ulinzi umekwisha, au tunga mwenyewe.

Onyesho la kwanza la mwaka liwe fupi. Wanaoanza wapige kwanza, peke yao, nyimbo mbili za nota tano, na wapigiwe makofi yao kabla wakubwa hawajaingia. Wazazi watakaowaona watoto wao siku hiyo ndio watakaobeba ala, watakaochangia ridi na watakaosimama upande wako siku uongozi wa shule utakapotaka kupunguza muda wa bendi katika ratiba.

Kuandamana, yaani kupiga huku bendi ikitembea kwa mistari, ni somo la peke yake na hapa nitaligusa tu. Fundisha miguu kwanza bila ala, kisha ala bila miguu, kisha vyote viwili kwa pamoja. Bendi nyingi za Marekani hupima hatua nane kwa kila yadi tano, sawa na takribani sentimita 57 kwa hatua. Kwa watoto wadogo hatua hiyo ifupishwe, kwani mtoto anayejinyoosha kufikia alama hutikisa kichwa na sauti yake hukatika.

Mwili na maisha ya mwalimu

Masikio yako ndiyo ala yako kuu, na kazi hii huyaumiza. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 94 ni saa moja, na 100 ni robo saa. Ala za shaba na ngoma katika chumba kidogo chenye kuta tupu hufika huko bila shida. Weka mapazia mazito na mazulia, punguza idadi ya watu katika chumba kimoja inapowezekana, nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki ambavyo hupunguza sauti bila kuiharibu, na pimwa masikio kila mwaka tangu mwaka wa kwanza wa kazi ili uwe na kumbukumbu ya kulinganisha. Sema hayo hayo kwa wapigaji wako wa ngoma. Koo nalo lilindwe: usipaze sauti juu ya bendi inayopiga, bali inua mkono na usubiri kimya. Ukisubiri kweli mara tano za mwanzo, mara ya sita watanyamaza upesi.

Mazoezi ya asubuhi kabla ya vipindi, ya jioni baada ya vipindi, safari za mwisho wa wiki na mashindano vitakula muda wa familia yako ikiwa hutauwekea mipaka. Panga kalenda ya mwaka mzima kabla mwaka haujaanza, ipeleke kwa mkuu wa shule na kwa walimu wenzako, na uepuke majuma ya mitihani. Mwalimu wa hisabati ambaye wanafunzi wake hawaondolewi darasani bila taarifa atakuwa rafiki wa bendi. Zaidi ya yote, endelea kupiga ala yako mwenyewe, hata nusu saa kwa siku. Nimewaona walimu wazuri waliochoka kazi hii wakiwa bado vijana, na karibu wote walikuwa wameacha kupiga miaka kadhaa kabla ya kuacha kufundisha.

Kuhusu mashindano, yatumie kama sikio la nje na usiyafanye kuwa lengo la mwaka. Maoni ya mwamuzi yasomwe na bendi nzima kwa utulivu siku inayofuata, yawe mazuri au mabaya, na lichaguliwe jambo moja la kufanyia kazi.

Miaka itakapokuwa mingi na ukajua kwamba utaondoka, anza kukabidhi angalau mwaka mmoja mapema. Mwache msaidizi wako, au mwanafunzi wako wa zamani aliyesomea kazi hii, aongoze wimbo mmoja katika kila onyesho, na wewe ukae miongoni mwa hadhira. Andika daftari la makabidhiano: orodha ya ala na kasoro za kila moja, fundi anayezitengeneza, nyimbo zilizopigwa kila mwaka na zilizoshindikana, na majina ya wazazi wanaosaidia. Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo uwe wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila jina na ala yake, na sababu iliyokufanya umpe ala hiyo, kwa kuwa mrithi wako atakapofika mwaka wake wa tatu hao ndio watakaokuwa wamekaa viti vya mbele.